Halmashauri Iliuliza Mara Moja

Jumamosi jioni hakuna moshi. Watu wa Hoikkavaara bado huinua macho kuelekea ufukweni saa ile ile, kila mmoja dirishani kwake, kama mtu anayepitisha ulimi kwenye pengo la jino lililong'olewa zamani. Bomba la moshi la sauna ya nyumba ya wazee, kibanda cha kuogea kwa mvuke, lilikuwa likitoa moshi mwembamba, uliopanda wima siku za baridi kali na kulala juu ya ziwa siku za ukungu. Aliyeuona alijua mambo mawili bila kuambiwa: kwamba leo ni Jumamosi, na kwamba Taimi Pyykkönen ameshafika kwenye kazi ambayo hakuna aliyemwajiri.

Sasa ukuta wa sauna umeota ukungu wa kijani upande wa kaskazini. Njia ya kuteremkia ziwani haipaliwi theluji. Mlango wa nyumba yenyewe umefungwa kwa kufuli, na juu ya kufuli pana kibao cha shaba kinachong'aa kuliko kitu kingine chochote kijijini. Kibao hicho tutakifikia.

Taimi alizaliwa katika miaka ya vita, na baba yake hakurudi. Mama yake alibaki na ng'ombe wawili, watoto wanne na neno moja. Ng'ombe mmoja alipokufa, mama alisema: tutamudu. Baridi ilipoua viazi ardhini, alisema: tutamudu. Mchungaji alikuja na fuko la nguo za msaada kutoka mjini. Mama akampa kahawa, akamshukuru, akamwambia awapelekee wenye shida. Watoto walisimama nyuma ya mlango wakilitazama fuko likiondoka, na viatu vyao vilikuwa jozi moja ya kaka yao mkubwa, waliyoivaa kwa zamu.

Katika nyumba hiyo Taimi alifundishwa adabu iliyo mama wa adabu zote. Ukienda kwa watu ukakaribishwa kahawa, unasema hapana, msijisumbue, nimetoka kunywa sasa hivi. Mwenyeji anakuuliza tena. Unasema labda tone tu, na lisichemshwe kwa ajili yangu. Anakuuliza mara ya tatu, na hapo ndipo unasogeza kiti mezani. Anayekubali mara ya kwanza ama ana njaa, ama hakulelewa. Na mwenyeji anayeuliza mara moja akanyamaza, huyo ana mkono wa birika, na habari zake zitazunguka ziwa lote kabla ya Jumapili.

Watoto wa Hoikkavaara waliijua ngoma hiyo kabla ya kujua kusoma, na Taimi aliicheza vizuri kuliko wote.

Nyumba ya wazee ilikuwa na vitanda vinane, na ilijengwa kwa msaragambo. Halmashauri ilitoa mbao na misumari na kuahidi mishahara ya wauguzi. Kijiji kikatoa mikono. Arvi, mume wa Taimi, alikuwa fundi wa mawe, na jiko la sauna alilipanga yeye, jiwe juu ya jiwe, akiligonga kila moja kwa kidole na kulisikiliza kabla ya kulikubali. Kazi ya Taimi ilikuwa simu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji kwa muda mrefu hata watu wakasahau kwamba cheo hicho hupigiwa kura.

"Lyyli," alikuwa akisema bila salamu nyingi, "Jumamosi tunapasua kuni za wazee. Njoo na sufuria ya supu."

"Nani mwingine anakuja?"

"Wote."

Na kwa kuwa kila mtu aliambiwa kwamba wote wanakuja, wote walikuja. Paa lilipovuja walipanda wao. Rangi ilipobabuka walipaka wao. Gati la kuogea lilipoliwa na barafu walilijenga upya, na halmashauri haikupata hata fununu. Eila, muuguzi wa nyumba ile, aliwahi kumshika Taimi mkono akiwa juu ya ngazi.

"Taimi, waandikieni basi. Paa si kazi yenu, paa ni lao."

"Kuandika kunachukua muda kuliko kupanda ngazi," Taimi alijibu. "Na huko mjini wana shida zao."

Kisha Arvi akaanza kusahau. Kwanza yalikwenda majina, zikafuata njia, na mwisho ukaenda mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Jirani alimkuta akiugonga kwa upole, akiomba kujua kama ni hapa kwa akina Pyykkönen. Akapata kitanda katika nyumba ya wazee, kile cha dirishani, kinachotazama sauna.

Siku nyingine alimwita mkewe kwa majina ya watu waliokufa. Lakini Jumamosi, akishavuliwa nguo na kukalishwa kwenye benchi la chini, Taimi akimwagia maji mawe yaliyopangwa kwa mikono ile ile, mvuke wa kwanza ulipompiga usoni Arvi aligeuka na kusema kwa sauti yake ya zamani, "Mama mwenye nyumba, kuni zako safari hii zimekauka."

Kuanzia hapo mpaka jasho lilipokauka, Taimi alikuwa na mume. Walizungumza habari za kuni, za samaki, za shemeji yao mmoja aliyewahi kuanguka kisimani akiwa amelewa. Baadaye Arvi alivalishwa nguo, na alipofika kitandani alikuwa ameshaondoka tena. Taimi hakumsimulia mtu jambo hilo. Siku sita aliishi akiingojea ile ya saba.

Habari zilipokuja kwamba halmashauri imeishiwa, zilikuja zikiwa zimekamilika: kuna nyumba mbili za wazee, moja Hoikkavaara na moja Rantasalo ng'ambo ya ziwa, itabaki moja. Lakini kabla ya madiwani kupiga kura, sheria inataka wananchi wasikilizwe. Afisa atakuja kwao kwanza, kisha aende Rantasalo.

Taimi akapiga simu. Wote wanakuja.

Siku moja kabla ya mkutano, jikoni kwake mlinukia iliki. Lyyli, jirani yake tangu utoto, alikuwa akisokota unga wa mikate mitamu. Tauno aliketi kwenye benchi karibu na jiko, dereva mstaafu wa malori ya magogo, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa bila simu. Mama yake mzazi alikuwa katika nyumba ya wazee, kitanda cha kwanza mlangoni, bibi mkongwe asiyeona, aliyemtambua mwanawe kwa kishindo cha buti.

"Mimi nimeshajiandaa," Tauno akasema. "Nitasimama niwaambie: mkifunga pale, mama yangu mtampeleka wapi? Mtambeba mgongoni?"

"Hutasimama," Taimi akasema, mikono yake ndani ya unga.

"Nisisimame kwa nini?"

"Kwa sababu ukisimama unapiga kelele, na ukipiga kelele unatukana. Umesahau mkutano wa barabara?"

"Barabara ilitengenezwa, haikutengenezwa?"

"Ilitengenezwa. Na mpaka leo yule injinia akikuona dukani anajificha nyuma ya rafu ya sabuni."

Lyyli alicheka mpaka akajipaka unga puani. "Nyamaza siku moja tu, bwana mkubwa, tuone kama utapasuka."

"Chekeni. Mtoto asiyelia hanyonyeshwi."

"Sisi si watoto," Taimi akasema. "Watakuja watukute tumekaa kwa adabu, ukumbi safi, kuni zimepangwa. Watajua hapa pana watu. Hakuna anayefunga nyumba ya watu wa namna hiyo."

Tauno aliguna. Akakaribishwa mkate wa moto, akasema hapana. Akakaribishwa tena, akasema ametoka kula. Mara ya tatu akachukua miwili, akaenda zake akiwa amekasirika na ameshiba.

Afisa alikuwa binti aitwaye Veera, mwenye sweta la kijani na viatu visivyofaa tope la Oktoba. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka mambo yaende vizuri kwa kila mmoja. Ukumbi wa kijiji ulijaa kuanzia nyuma. Safu ya mbele ilibaki tupu, kama kanisani. Veera akaweka kompyuta yake mezani, akaizungusha kidogo ili isimzibe uso.

"Sikuja na uamuzi mfukoni," alisema. "Nimekuja kusikiliza. Mtakachosema ndicho nitakachokipeleka kwa madiwani." Na ni kweli, hakuwa akidanganya. Watu waliomtazama usiku ule mpaka leo wanakubali kwamba hakuwa akidanganya.

"Basi niambieni. Nyumba yenu ikifungwa, mtaathirika vipi?"

Kimya.

Kimya cha Hoikkavaara si cha watu wasio na la kusema. Ni cha watu wenye mengi, na kila mmoja anangoja asiwe wa kwanza. Mtu alikohoa, akaona aibu kwa kukohoa. Tauno alikuwa amekuwa mwekundu kuanzia shingoni. Alimtazama Taimi, na Taimi akatikisa kichwa kidogo sana. Tauno akarudisha macho kwenye buti zake.

Macho ya wengine yote yakamhamia Taimi. Kifuani alikuwa nayo sentensi, nzima, imeshapangika: mume wangu hunijua siku moja kwa wiki, na siku hiyo iko ndani ya ile sauna. Hakuhitaji nyingine. Lakini mtu anaitoaje sentensi kama hiyo mara ya kwanza anapoulizwa, mbele za watu, mbele ya mgeni? Ilikuwa ni sawa na kunyoosha kikombe kabla mwenyeji hajainua birika. Akafungua mdomo, na aliyetoka humo alikuwa mama yake.

"Basi tutamudu," akasema. "Siku zote tumemudu."

Akangoja. Alilisukuma lile neno mbali kidogo, kama mtu anavyosukuma kikombe, akingoja kisukumwe kurudi kwake. Sasa angeuliza: kweli mtamudu? Hata wagonjwa? Hata wewe, Taimi? Mara ya pili angesema kwamba ingekuwa vigumu kidogo. Mara ya tatu angesema.

Uso wa Veera ukachanua. "Hilo ni jambo zuri sana kulisikia," akasema, akaandika. "Kuna mwingine mwenye la kuongeza?"

Hakukuwa na mwingine. Taimi alikuwa amesema, na akisema Taimi kijiji kimesema.

Kahawa ikaletwa. Watu walisimama wakiizunguka meza kwa mbali, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie. Veera alikaribishwa mara moja tu, akasema "Ooh, asante sana," akachukua kikombe na mkate wa iliki, na mwingine, na mwingine.

"Maskini," Lyyli alimnong'oneza Taimi, "huyu alilelewa na nani?"

Midomo ilifunguka nje, taa za gari la Veera zilipopotea kwenye kona. Walisimama gizani kati ya magari yao na kusema yote: jinsi mama yake Tauno anavyolia akisikia sauti asiyoijua, jinsi barabara ya mjini inavyofungwa na theluji Februari, jinsi mzee fulani alivyohamishiwa hospitali ya mbali akaacha kula. Kila mtu alisema, tena vizuri, tena kwa machozi. Maneno yote yalikuwepo. Yalichelewa gari tu.

"Lakini mkutano ulikwenda vizuri," Lyyli alisema mwishoni. "Hakuna aliyetuaibisha."

"Mimi nimepasuka ndani," Tauno akasema. "Mtanishona wenyewe."

Wiki iliyofuata Eila alileta habari za Rantasalo, maana dada yake ameolewa huko. Huko hawakuwa na adabu hata chembe. Mzee mmoja aliipiga meza mpaka kompyuta ya afisa ikaruka. Mwanamke mmoja alisukuma sinia la kahawa akasema, hatukuja kunywa kahawa. Walimleta bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu mpaka mbele kabisa, akalia, wakamwacha alie.

"Kumfanya mtu mzima maonyesho!" Lyyli akasema. "Hawana haya."

Taimi alitikisa kichwa. Karibu awaonee huruma. Nani atawapa kitu watu wa namna hiyo?

Uamuzi ulitoka kabla ya Krismasi. Ilibaki nyumba ya Rantasalo.

Taimi alipanda basi la alfajiri kwenda mjini. Hakuwa ametia kitu tumboni. Jiko lilikuwa limezimika usiku na hakutaka kulikoka kwa ajili yake mwenyewe. Veera alimpokea ofisini, akasimama, akamvutia kiti.

"Utakunywa kahawa, Taimi? Ipo tayari."

"Hapana, usijisumbue."

"Sawa," Veera akasema, akaketi.

Taimi aliisikia ile "sawa". Birika lilikuwa pale kwenye meza ndogo, linatoa mvuke. Alilitazama, akamtazama binti, akalitazama tena birika, na kitu kikaanza kuteremka ndani yake polepole, kama jiwe linapozama kwenye maji ambayo mtu hakujua kina chake.

"Kwa nini sisi?" aliuliza.

"Niliwasikiliza wote, kwa makini kabisa," Veera akasema. "Rantasalo walisema hawawezi. Nyinyi mlisema mtamudu. Na ni kweli mnamudu, Taimi! Baada ya mkutano nilisimuliwa habari za paa, habari za gati. Wangapi wana kijiji kama chenu? Madiwani walisema, fedha ziende kwa wasioweza kujisaidia."

"Uliniuliza mara moja tu."

"Samahani?"

"Pale ukumbini. Uliniuliza mara moja."

Veera alimtazama kama anayetafuta mzaha na haoni. "Kwani ningeuliza mara ngapi?"

"Tatu," Taimi akasema. Na alipoisikia ikitamkwa pale, kati ya kuta nyeupe na makabati ya chuma, ilikuwa ndogo sana na ya kipumbavu, kama kijiko cha mtoto mkononi mwa mtu mzima.

Veera hakucheka. "Bibi yangu alikuwa hivyo," alisema. "Mama alikuwa akimfokea: sema unachotaka, sisi si waganga wa ramli."

Hapo Taimi akaisema ile sentensi. Aliisema yote, ya Jumamosi, ya mvuke, ya kuni zilizokauka, akitazama mikono yake mapajani. Alipomaliza, Veera alikuwa amegeukia dirishani.

"Kwa nini hukuyasema haya pale?"

Taimi alilitazama birika.

"Nitakwambia kitu," Veera akasema. "Madiwani wanakutana tena Januari. Wananchi hawaruhusiwi kusema mle ndani, lakini wanaruhusiwa kukaa na kuonekana. Mkiujaza ule ukumbi mpaka milangoni, yuko diwani mmoja atakayeomba jambo hili lirudishwe mezani. Namfahamu. Lakini watu watatu au wanne hawatoshi. Mtakuja?"

"Tutakuja," Taimi akasema. Alikubali mara ya kwanza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na masikio yakamwaka moto kwa aibu.

Akarudi, akashika simu.

"Lyyli, Januari tunakwenda mjini. Tukae tu, tuonekane."

"Nani mwingine anakuja?"

Taimi alijaribu kusema wote. Hili halikuwa kupasua kuni, hili lilikuwa kuomba, na hakujua kuwaita watu kwenye kuomba. "Sijui bado," akasema.

"Unajua, Taimi," Lyyli akasema kwa upole, "uamuzi umeshapita. Tutaonekanaje? Kama Rantasalo? Tusiwasumbue. Tutamudu. Si ulisema mwenyewe?"

Wengine walisema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Mgongo, theluji, wajukuu. Taimi alimpigia Tauno mwisho, kwa kuwa alimwogopa kuliko wote.

"Ulinitaka ninyamaze," Tauno akasema. Sauti ile ya kuvuka ziwa ilikuwa chini, karibu haisikiki. "Nimenyamaza. Sasa nimezoea. Mwache mtu na ukimya wake."

"Tauno, ni mama yako."

"Hata Oktoba alikuwa mama yangu, bibi we. Hata Oktoba alikuwa mama yangu."

Januari Taimi alikaa peke yake kwenye viti vya wananchi, amevaa koti lake la kanisani, mkoba mapajani. Alionekana. Diwani yule aligeuka nyuma mara moja, akavihesabu viti vitupu kwa macho, akageuka mbele. Jambo la Hoikkavaara halikutajwa. Walizungumza muda mrefu habari za taa za barabarani.

Rantasalo vitanda vilikuwa vimejaa, hivyo gari lilikuja kuwachukua wazee kwenda kituo cha mjini siku ya baridi kavu, theluji ikilia chini ya magurudumu. Mama yake Tauno alitangulia. Tauno alimbeba mwenyewe kutoka kitandani mpaka garini akikanyaga kwa nguvu, dum, dum, ili mama ajue ni nani. Arvi alifuata. Alifungwa mkanda katika kiti cha nyuma, blanketi likamponyoka mabegani. Dereva, kijana mchangamfu, aligeuka.

"Vipi mzee wangu, huko nyuma hakuna baridi?"

Midomo ya Arvi ilikuwa ya bluu. Alimtazama kijana yule kwa heshima kubwa, kama mgeni aliye mezani kwa watu.

"Tutamudu," akasema.

Dereva akainua kidole gumba, akawasha gari. Taimi alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani ili alirudishe lile blanketi. Eila ilibidi amvute mkono ili mlango ufungwe.

Kibao kililetwa majira ya kuchipua. Veera hakuja, walikuja mabosi wake wawili, na maua. Kimeandikwa kwamba Hoikkavaara ni kijiji cha mfano kwa ushirikiano na kujitegemea. Walitaka kipigiliwe mahali panapoonekana, na kwa kuwa hawakuja na fundi, Tauno alikwenda nyumbani akaleta bisibisi. Alikikaza kwa skrubu nne, mabosi wakapiga picha, kisha wakakaribishwa kahawa. Walikubali mara ya kwanza.

Mwaka ule kijiji kilijaribu. Walisema wataendelea kuwasha sauna kila Jumamosi kwa wazee waliobaki majumbani, na walifanya hivyo mpaka theluji ya kwanza. Lakini wazee waliobaki majumbani ndio hao hao waliokuwa wakipasua kuni. Simu alizopiga Taimi zilianza kuita bila kupokelewa, na zilipopokelewa akaulizwa nani mwingine anakuja, hakuweza tena kusema wote. Watu walikuwa wamejua bei ya neno lile.

Kule mjini Arvi aliogeshwa chini ya bomba, ameketi kwenye kiti cha plastiki, maji yakimmwagikia kutoka juu kama farasi anayeoshwa. Mara mbili kwa wiki Taimi alipanda basi kumwona. Basi lilipopunguzwa safari alipanda mara moja. Lilipoondolewa kabisa aliifunga nyumba yake, akampa Lyyli paka, akahamia mjini.

Aliwaomba wauguzi wa kule wampeleke Arvi sauna, hata mara moja. Aliomba bila kungoja kuulizwa. Walimjibu kwa upole kwamba chumba cha sauna cha kituo kimekuwa stoo ya vitanda. Aliomba mara ya pili. Mara ya tatu alisimama katikati ya korido, akasema kwa sauti iliyowafanya wageni wageuke kwamba yule ni mume wake na hajamsikia tangu Januari. Muuguzi mkuu alimshika bega, akampeleka kwenye kiti, akamletea maji. Walikuwa watu wema. Vitanda vilibaki stoo.

Arvi hakusema tena habari za kuni. Alikaa karibu na dirisha linalotazama maegesho ya magari, na Taimi alipoingia alisimama kidogo kama mtu mwenye adabu, akamuuliza anamtafuta nani. Alikufa mwezi Novemba. Alizikwa Hoikkavaara, na kijiji kizima kilikuja, maana mazishi hayahitaji mtu kupigiwa simu. Kahawa ilinywewa ukumbini, kwenye meza ile ile. Taimi aliulizwa kama sasa atarudi nyumbani. Akasema hapana. Waliokuwa karibu walingoja kidogo, wakatazamana, na hakuna aliyeuliza tena.

Taimi Pyykkönen anaishi mjini, ghorofa ya tatu, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya kituo cha mabasi. Jengo lina sauna ya umeme kule chini, na wapangaji huitumia kwa zamu. Zamu yake ni Alhamisi.